Mgahawa Usio na Kiti cha Sponji

Shemeji yangu ni mtu ambaye ukitaka kuzungumza naye lazima uiname. Si kwa heshima. Ni kwa sababu kichwa chake daima kiko chini ya kiti. Ni fundi makochi, na mtaa mzima unamwita Sponji, jina ambalo dada yangu aliyeolewa naye halipendi hata kidogo. Ukifika karakana yake, ambayo ndiyo chumba cha mbele cha nyumba yao, utaona nyayo mbili zimetokeza chini ya sofa la watu, na sauti itatoka humo humo ikipenya kati ya misumari aliyoibana midomoni: "Karibu, shemeji. Kaa." Ukae wapi? Makochi yote yaliyomo ni ya wateja, na la kwake mwenyewe lilichanika zamani likaachwa vivyo hivyo. Kinyozi hajinyoi. Mimi hukalia ndoo.

Riziki yake kubwa haitoki kwenye masofa ya mtaani. Inatoka kwenye viti vya migahawa ya kifahari huko katikati ya jiji, ile yenye vitambaa vyeupe mezani na wahudumu wanaotembea kana kwamba kuna mtoto amelala. Humo ameingia kote, kwa mlango wa nyuma, kupitia jikoni, kisanduku cha vifaa begani. Chakula chao hajawahi kukionja. Hula mkate wake na chai ya chupa kwenye ngazi za nje, kisha hurudi chini ya kiti.

Sasa sikia vituko. Watu wa mtaani wakitaka kwenda kula mahali pa maana, humuuliza yeye. Hawaulizi mtu aliyewahi kula huko, wanamuuliza Sponji. Naye hujibu kwa uzito wa daktari. Unataka kumposa msichana? Nenda ule wa karibu na benki, viti vyake ni vifupi, ukipiga goti hutashuka sana. Unataka kumwacha? Nenda ule wa ghorofani wenye viti vya plastiki ngumu, hakuna atakayetaka kukaa kubishana. Unawapeleka wakwe? Hapo hukohoa kwanza. "Wakwe watafutie viti vyenye mikono. Mkwe akikosa pa kuweka mikono, ataiweka kwenye mambo yenu."

"Na chakula cha huko kikoje, fundi?"

"Chakula sijui. Lakini mgongo wako utanishukuru."

Mwalimu mmoja jirani yetu aliwapeleka wakwe zake mahali alipoambiwa na Sponji, wakaletewa samaki wabichi. Wabichi kabisa, hawajaona moto. Wazee hawakugusa kitu. Lakini viti vilikuwa vizuri mno hata hakuna aliyetaka kuinuka, wakakaa na njaa yao mchana kutwa, na kwa kukosa la kufanya wakajadili posa mpaka wakaimaliza. Tangu siku hiyo Sponji hashikiki. Mimi ni msusi, nasikia mengi saluni kwangu, na nakwambia kuna wanawake wameolewa katika mji huu kwa sababu ya springi.

Dada yangu yeye aliolewa naye kwa sababu nyingine ambayo sijaijua bado. Siku ya harusi yao bwana harusi alitafutwa ukumbi mzima. Mimi ndiye niliyemwona: nyayo mbili, chini ya kiti cha bibi harusi. Alisema kiti kinalia na hawezi kumwoa mtu aliyekalia kiti kinacholia. Alipotolewa huko na kuulizwa kama anakubali, alikubali akiwa na msumari shavuni, ndiyo maana katika picha zote anaonekana kama mtu mwenye jipu. Dada alicheka sana siku ile. Kicheko hicho kilimwishia polepole, na mwaka huu nikaona kimekauka kabisa.

Ilikuwa asubuhi, mimi niko kwenye ndoo yangu na kikombe cha chai. Dada akatoka chumbani, akasimama mbele ya sofa la rangi ya damu ya mzee.

"Baba Mapacha."

"Naam," zikajibu nyayo.

"Mwezi ujao tunatimiza miaka thelathini."

"Ya nini?"

Nikaona niinuke niende zangu. Dada akanizuia kwa mkono bila kunitazama.

"Ya kuzungumza na miguu yako. Nawaza kitu nakuja kukwambia, nakwambia kisigino. Watoto walipoondoka nililia mbele ya soksi. Leo ukipotea, polisi wakiniuliza mumeo ana sura gani, nitawaambia nini? Nitawachorea vidole!"

Sponji akatoka. Si desturi yake kutoka kabla kazi haijaisha, kwa hiyo nikajua imemwingia. Alikuwa na vumbi la sponji kwenye nyusi.

"Sasa mama, unataka nini?"

"Nataka unipeleke kula. Mgahawa mkubwa, mlango wa mbele. Ukae mbele yangu nikuone uso tangu wanaleta maji mpaka wanaleta kitamu cha mwisho. Ukigusa kiti, hata kwa kidole, siku hiyo hiyo naenda kwa mapacha, na sirudi mpaka ujue sukari ya nyumba hii inakaa wapi."

"Si iko kwenye kopo?"

"Kopo gani?"

Sponji akanitazama mimi, nami nikatazama chai yangu. Dada akaingia chumbani, na tukasikia sanduku likishushwa kutoka juu ya kabati. Namjua dada yangu tangu tunalala kitanda kimoja. Anaweza kutania juu ya jambo lolote, lakini sanduku hashushi kwa utani.

"Na huyu," akapaza sauti kutoka chumbani, akimaanisha mimi, "ndiye atakayekuwa refa."

Kesho yake Sponji alikuja saluni, amevua kofia, wateja wangu wote wakageuza vichwa na rola zao.

"Shemeji, nimekwisha. Hakuna mgahawa wa maana mjini humu ambao sina kiti ndani yake."

"Sasa hiyo si sifa?"

"Sifa gani! Nikikaa mbele ya kazi yangu nitaikagua. Nikikaa mbele ya kazi ya mwenzangu nitaikosoa. Najijua."

Nikamwambia basi atafute mgahawa ambao kiti chake hakijapita mkononi mwake wala mwa fundi mwingine yeyote wa hapa. Akasema nimsindikize. Nikafunga saluni mapema, nikavaa viatu vya kuchuchumia, nikasema ngoja niufaidi mji.

Wa kwanza ulikuwa juu ya jengo refu, unapanda kwa lifti mpaka masikio yanaziba. Mlinzi wa mlangoni alipomwona Sponji alimwonyesha kwa adabu njia ya nyuma. Sponji naye, kwa mazoea, akaanza kuifuata! Nikamvuta shati. Tulipoingia kwa mbele hakutazama mji uliolala wote chini ya madirisha, wala hakutazama maua. Alitazama viti, uso ukamlainika kama wa baba aliyefika shule ya bweni siku ya kutembelea watoto. "Wote hawa wangu," akaninong'oneza. "Yule wa pembeni nilimfunga mikanda mipya juzi juzi." Nikamwambia tuondoke kabla hajaanza kuwaita kwa majina.

Wa pili ulikuwa bustanini, maji yanaruka, ndege wanaimba, na viti vyote ni vya chuma kitupu. Hakuna sponji, hakuna springi, hakuna hata uzi. Nikasema hapa ndipo, maana hana cha kushika. Sponji akakaa, akatulia kidogo, akainuka, akaniomba nitazame nyuma ya suruali yake. Maua ya chuma yalikuwa yamejichora pale kama mhuri. "Nimlete Mama Mapacha aje apigwe chapa?" akauliza kwa uchungu wa kweli. Akasema atalazimika kuja na mito kutoka nyumbani, na mito ni kazi, na kazi ni sanduku.

Wa tatu ulikuwa umefunguliwa karibuni, nyuma ya jengo la mahakama. Kuta nyeupe, taa zinazoning'inia kama matone, na viti vya mbao laini vyenye miguu myembamba, vimeletwa kwa meli kutoka ng'ambo vikiwa vimekwisha kutengenezwa. Sponji akakizunguka kimoja huku mikono ameifunga nyuma. Akainama. Akakinusa.

"Sivijui," akasema.

"Ndiyo penyewe basi."

"Miguu myembamba, shemeji."

"Wewe unakuja kula au unakuja kuoa kiti? Penyewe hapa."

Mimi mwenyewe nikamwambia msichana wa mapokezi atuwekee meza ya watu watatu, Jumapili mchana. Hivyo ndivyo mgahawa wa miaka thelathini ya ndoa ulivyochaguliwa. Na chakula, hakuna aliyeuliza.

Jumapili ile dada alitoka na gauni la zambarau na nywele nilizomsuka mwenyewe siku nzima, na nasema bila haya kwamba zilikuwa kazi. Kabla hatujavuka kizingiti alimsimamisha mumewe ukutani akampekua. Bisibisi ilitoka kwenye soksi. Koleo ndogo ilitoka chini ya kofia. Misumari ilitoka mfuko wa shati, tena imefungwa kwenye leso kama dawa ya mtoto. Mwisho ikatoka nyundo ndogo, ile ya kichwa cha sumaku, na hiyo sitasema ilitoka wapi. Dada akavitia vyote kwenye mkoba wake, akaufunga zipu.

"Kuna kingine?"

"Hakuna."

"Fungua mdomo."

Akafungua. Ulikuwa mtupu. Tukaenda.

Pale mlangoni tulifunguliwa kwa heshima zote. Mhudumu mmoja mrefu mwenye glavu nyeupe akamvutia dada kiti nyuma ili akae, dada akadhani ananyang'anywa. "Mwanangu, niachie tu, mimi ndiye niliyekuja kukaa," akasema, akakishikilia. Wakavutana kidogo mpaka wakaelewana. Sponji akakaa mbele yake, wima, uso mbele, mkono mmoja juu ya meza kwa ajili ya uma na mwingine ameukalia ili usimponze.

Chakula kikaja. Sahani pana kama ungo, katikati kitu kidogo cha kijani, na mstari wa mchuzi uliochorwa kwa brashi. Mhudumu akatueleza kilikotoka, kilivyolelewa na kilivyopikwa, na maelezo yakawa marefu kuliko chakula.

"Hiki ndicho chenyewe," dada akaniuliza chini chini, "au wanatuonjesha kwanza?"

Ndicho kilikuwa chenyewe. Tukala, yaani tukameza mara moja, kikaisha. Ndipo Sponji akamtazama mkewe, kama alivyoagizwa. Akatazama, akatazama, akakunja nyusi.

"Mama Mapacha, miwani umeanza kuvaa lini?"

"Mwaka wa tatu huu."

"Aa. Imekupendeza." Akatafuta neno jingine. "Na hilo jino la pembeni?"

"Ulinipeleka mwenyewe kung'oa."

"Mimi?"

"Ulibaki kwenye chumba cha kungojea, unatengeneza benchi."

Ingenichekesha, lakini haikunichekesha. Nilimwonea huruma dada yangu. Uso alioutaka miaka yote ulikuwa umefika, umenawa, umekaa mbele yake, na ulikuwa unamtazama kama mgeni aliyekosea nyumba. Sahani ya pili ikaja, hawakuwa na neno. Ya tatu ikaja, bado. Nyumbani, mmoja akiwa juu na mwingine chini ya kiti, hawanyamazi: bei ya nyanya, mapacha, paa linalovuja. Hapa hakuna kinachowazuia na hawana la kusema. Dada alikuwa anakunja leso yake ya mezani na kuikunjua, na mimi nikajua anawaza sanduku. Niliogopa. Nilitamani moto uwake jikoni, mtu yeyote aseme kitu.

Kilichosema ni kiti. Dada alijisogeza kidogo, kikalia: kwii.

Sponji akashtuka kama mama aliyesikia mtoto. Kisha akakaza shingo, akatazama mbele.

Dada akajisogeza tena. Kwii. Safari hii nikamwona, alikuwa anafanya kusudi, anamjaribu. Kwii. Jasho likamtoka Sponji kwenye kipara likashuka mpaka kidevuni. Kwii, kwii. Hakuinama. Mkono wake wa chini ukaanza kuchomoka, akaukalia zaidi.

"Mama," akasema kwa sauti ya mgonjwa, "hicho kiti usikiegemee kwa kushoto."

"Kula."

"Si utani. Mguu wa nyuma umeachia. Nasikia."

"Ndiyo mwanzo wako huo. Utasema unasikia, utasema ngoja nione tu, halafu nitakula na visigino. Kula, Baba Mapacha."

Akaweka uma chini. "Basi tubadilishane. Wewe kaa changu, mimi nikae hicho. Sikigusi. Nakikalia tu."

Wote wawili wakanigeukia mimi refa. Nikafikiri sana, maana hukumu hiyo ilikuwa na sanduku nyuma yake. Nikasema makalio si mkono, ruhusa.

Wakabadilishana. Sponji akajishusha juu ya kile kiti taratibu, kama mtu anayekalia mayai ya watu. Kiti hakikusema kitu. Mhudumu akaja na vile vitamu vya mwisho, vitatu, kila kimoja na kijani chake juu. Sponji akanyoosha shingo atazame, na hapo kiti kikasema krraa, mguu ukaenda kwake, mgongo ukaenda kwake, na shemeji yangu akaenda chini chali huku akivuta kitambaa cha meza nusu.

Uma zikasimama njiani mgahawa mzima. Na kutoka sakafuni mikono miwili ikainuliwa juu kabisa, vidole vimetanuka, kila mtu avione.

"Sijakigusa! Shemeji, wewe shahidi! Kimenigusa chenyewe!"

Nilimtazama dada. Uso ulikuwa umekaza, mdomo unatetemeka, nikajua ama atalia ama ataondoka. Akacheka. Kilianza kidogo puani, kisha kikamshinda, akacheka mpaka akashika meza, kile kicheko cha siku ya harusi chenyewe. Akavua miwani akaifuta. Kisha, na gauni lake la zambarau na nywele zangu za siku nzima, akapiga magoti, akauokota ule mguu, akausogeza karibu na macho.

"Ona. Gundi tupu. Hawakuweka hata msumari mmoja."

"Si nilikwambia?"

"Umeletwa na meli lakini haya ndiyo mambo yake! Bila aibu!" Akavuta mkoba, akafungua zipu, akatoa nyundo. "Shika hapa nipigilie."

Sponji hakushusha mikono. "Siruhusiwi."

"Nakuruhusu mimi. Shika."

Akanitazama. Nikatia vidole mdomoni nikapiga mluzi wa kumaliza mchezo, na naomba radhi kwa wale watu wa meza ya jirani. Kiti kilikuwa kimeviringika chini ya meza, wakakifuata huko wote wawili, na kitambaa kikashuka kikawafunika. Nikabaki na nyayo nne. Mbili nilizijua vizuri. Mbili zilikuwa na viatu vya sherehe.

Meneja akaja mbio, tai imehamia begani, akaanza kuomba msamaha, kisha akaona nyayo akasahau alichokuja nacho.

"Samahani... huko chini kuna fundi?"

"Fundi ni mimi," ikajibu sauti ya dada yangu. "Huyu ni msaidizi."

Nyundo ikagonga. Na katikati ya kugonga nikasikia maneno, yale yaliyokosekana sahani zote: mapacha wamepiga simu, paa halitavumilia masika mengine, unakumbuka ule msumari shavuni, nakumbuka, uliniuma mwaka mzima, mbona hukuniambia, ningekwambia saa ngapi na wewe uko juu? Kisha dada akasema, polepole, lakini kitambaa ni chepesi nami nina masikio ya msusi:

"Kumbe uso wako ulikuwa huku siku zote."

Nikainama kidogo. "Dada, vitamu vitayeyuka."

"Kula tu," zikajibu nyayo.

Nikala vyote vitatu. Sanduku lilirudi juu ya kabati jioni ile ile, na siku hizi ukifika karakana kwa Sponji utakuta nyayo nne zimetokeza chini ya sofa la watu, zinabishana juu ya bei ya nyanya. Watakuambia karibu, kaa. Mimi bado nakalia ndoo. Chai naichemsha mwenyewe, kwa wote watatu, na sukari, kama ulitaka kujua, inakaa kwenye kopo la biskuti nyuma ya mtungi. Ilinichukua wiki nzima kuipata.